Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Muhuri

Kumb. Na.: Bado haijapatikana

Yah: Ombi la kuomba ruhusa ya kuomba

Mheshimiwa sana,

Shikamoo. Na kama shikamoo moja haitoshi kwa mtu wa cheo chako, tafadhali jumlisha na zile nilizokuamkia dirishani kwa miezi 14 iliyopita, hata zile za wakati ulipokuwa unaongea na simu. Naandika nikiwa nimesimama, maana viti vya korido yako ni vitatu na waombaji hatupungui thelathini. Hata hivyo isingekuwa adabu mimi nikae wakati jalada langu limelala mezani kwako. Lisiamshwe ghafla. Nasubiri.

Nimeifanya barua hii kuwa ya wazi si kwa nia ya kukushitaki, hasha. Ni kwamba zile nilizozitia ndani ya bahasha hazikuonekana, na mtunza masijala aliniambia kwa huruma kwamba barua iliyofungwa hupotea kirahisi. Nikaona hii isifungwe.

Sitaitaja ofisi yako, wala jiji, wala ghorofa. Kwanza ni heshima. Pili sina haja: msomaji wa Kampala ataapa kwamba namsema yule wa Kampala, wa Nairobi atasema ni wa Nairobi, wa Dar es Salaam atacheka kwa uchungu, na wa Bujumbura atauliza nimejuaje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane sasa, tangu Somalia ilipoingia 2024, lakini wewe umebaki mmoja tu, mwenye dirisha lile lile na sentensi ile ile: njoo Jumanne. Kama kuna shirikisho la Afrika Mashariki lililokwisha kukamilika, Mheshimiwa, ni wewe.

Jambo lililonileta ni dogo, naona hata haya kulitaja. Nina shahada.

Ni shahada ya ualimu wa hisabati. Nilizaliwa katika mji wa mpakani, ambako kuku hutaga upande mmoja akaatamia upande wa pili, na ambako sahani ya kutunza kwenye harusi hurudi na noti za nchi mbili. Chuo kilichokuwa karibu kilikuwa ng'ambo: basi moja na bodaboda moja. Cha upande wetu kilitaka usiku mzima barabarani na nusu ya siku ya pili. Baba alipiga hesabu ya nauli, akachagua ng'ambo. Marehemu hakujua kwamba kwa uamuzi ule alikuwa ananikabidhi kwako.

Siku ya mahafali mama alivaa kitenge kipya, akakipokea cheti kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Kesho yake, bila kuniuliza, akakipeleka duka la fotokopi kikapigwa laminesheni, kisije kikaingia maji. Ulipokiona ulisema kwa upole, na upole ule sijausahau, kwamba muhuri haushiki juu ya plastiki. Nikashinda siku mbili nikibandua kwa wembe na pasi ya uvuguvugu. Plastiki ilikubali kuachia, isipokuwa kona ya juu kulia, ambayo iliondoka na nusu ya nembo ya chuo. Ukauliza mbona nembo haijakamilika. Swali lilikuwa la haki kabisa.

Ukataka uthibitisho kwamba kweli niliishi nchi ile miaka mitatu: kurasa za pasipoti zenye alama za kuingia na kutoka. Sikuwa na pasipoti. Nilivuka kwa ile hati ya muda ambayo serikali zetu zenyewe zilituwekea ili tusisumbuke, karatasi inayotumika ikachakaa, ikaisha. Ulitikisa kichwa. Ukaniambia huo ndio ubaya wa mipaka iliyofunguliwa, haiachi ushahidi.

Ndipo ukanipa barua ya kukiuliza chuo kama kinanijua. Bahasha ilibandikwa gundi pande zote, juu ikaandikwa SIRI, nami ukaniagiza niipeleke mwenyewe kwa kuwa fungu la posta lilikuwa limekwisha. Jibu, ukasisitiza ukiwa umeinua kidole, lisipitie mikononi mwangu kabisa, maana mimi ni mhusika. Basi nikaisafirisha siri yangu hadi ng'ambo, nikiwa nimeipakata. Masijala ya chuo walinikumbuka kwa jina. Mama mmoja wa pale aliniuliza hali ya mama yangu na kama goti lake limepona. Lakini kunikumbuka kwa maandishi ni kazi nyingine, ilibidi angojewe mwenye muhuri wa kwao, naye alikuwa kwenye semina. Semina, nilisikia, ilihusu namna ya kutambuana vyeti.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, likiwa na jina la ofisa aliyekwisha kuhamishwa. Likamfuata alikohamia.

Haya yote nayasimulia kwa shukrani, yamenikomaza. Lililonishinda kulielewa ni moja, nami naomba unisamehe uzito wa kichwa. Nina mwenzangu tuliyekaa dawati moja kwa miaka mitatu. Mwaka juzi ofisi hii hii ilimpa barua ya utambuzi, kwa shahada ile ile, ya chuo kile kile, ya mwaka ule ule, iliyosainiwa na mkono ule ule. Nikadhani, kwa ujinga wangu, kwamba shahada ikishatambuliwa imetambuliwa. Ukanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba kilichotambuliwa ni yeye, si shahada. Mimi nianze mwanzo.

Nimeyabeba maneno hayo hadi leo, Mheshimiwa. Nitayarudia baadaye, kwa ruhusa yako.

Kwanza niruhusu nikuonyeshe ukubwa wako, maana kwa unyenyekevu ulionao nahisi hujawahi kuupigia hesabu. Tarehe 20 Novemba 2009 marais watano walikaa Arusha wakasaini Itifaki ya Soko la Pamoja. Ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambuane sifa za elimu na za taaluma, pamoja na uzoefu na leseni zilizotolewa na mwenzao. Itifaki ikaanza kutumika 1 Julai 2010. Tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi wakakutana tena, Dar es Salaam, wakaitangaza Jumuiya nzima kuwa eneo moja la elimu ya juu. Marais hao, Mheshimiwa. Watu wa ving'ora na mizinga 21. Na kwa saini zao zote hizo, karatasi yangu haijavuka meza yako. Wako waliowapinga marais kwa maandamano, wakaishia pabaya. Wewe umewapinga kwa kwenda kunywa chai, na hakuna aliyekuuliza. Mpaka mgumu kuliko yote Afrika Mashariki una upana wa meza moja, na chini yake kuna ndara zako.

Tena katika watano wale waliosaini, wawili walipata elimu yao ya chuo kikuu ng'ambo ya mpaka. Mwai Kibaki wa Kenya alisoma uchumi Makerere. Yoweri Museveni wa Uganda alisoma Dar es Salaam, akamaliza 1970. Usiku mwingine nikikosa usingizi huwawaza wote wawili vijana, wamekaa kwenye korido yako, mmoja kwenye kile kiti kinachoyumba, wakiambiwa waje Jumanne.

Pengine utanisahihisha, na utakuwa na haki kama kawaida yako. Utasema cheti cha Makerere cha enzi ya Kibaki kilikuwa cha Chuo Kikuu cha London, kimepitia Kampala tu. Kweli. Cheti kilichosafiri maili elfu nne kilitambulika Nairobi bila mtu kukigeuza mgongo. Na utasema cha Museveni hakikuwa cha ng'ambo kabisa, kwa sababu kilitolewa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Hapo ndipo nilipotaka tufike, ila sikuthubutu kukutangulia.

Chuo kile kilianza 1963, mkuu wake akiwa Mwalimu Nyerere. Anayetaka udaktari alikwenda Makerere. Anayetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Anayetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, ambako masomo yalikuwa yameanza 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wasiofika ishirini. Nchi zilikuwa tatu, kila moja na bendera yake na wimbo wake wa taifa, lakini cheti kilikuwa kimoja. Ndiyo maana Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, ni mwanasheria wa Dar es Salaam. Hakukimbia kwao. Alifuata somo lilipokuwa, kama mtu anavyofuata kisima. Hapakuwa na ofisi ya kumlinganisha, maana unamlinganishaje mtu na yeye mwenyewe?

Mwaka 1970 chuo kikagawanywa mara tatu. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika, na katika ugomvi ule wa mirathi kila mtu akashika kilichokuwa karibu naye: huyu ndege, huyu mabehewa, huyu meli ya ziwani. Muhuri nao ukagawanywa, na nadhani ndiyo mali pekee ya Jumuiya ya kwanza ambayo kila mrithi ameitunza vizuri.

Sasa nigeuke nijisute, maana nimekusema mno. Una hofu, na hofu yako ina msingi. Wanaofoji vyeti wapo na wana ufundi. Aprili 2017 Rais Magufuli wa Tanzania alipokea orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, akaamuru waondoke kazini. Orodha ile hutajwa kila tunapolalamika, nami naikubali: mgonjwa ana haki ya kujua kwamba anayemchoma sindano alisomea, na mzazi ana haki ya kujua kwamba mimi najua ninachoandika ubaoni. Ila niongeze neno moja, kwa kunong'ona. Vyeti vile havikuwa vya ng'ambo. Vilikuwa madai ya mitihani ya Tanzania yenyewe, na vilinaswa kwa kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Kumbukumbu iliulizwa, ikajibu. Hakuna aliyepandishwa basi na bahasha ya siri. Mghushi, Mheshimiwa, ndiye mtu pekee asiyesumbuliwa na utaratibu wako: muhuri wa chuo anao, barua ya kuthibitisha anaweza kuichapa usiku huu huu, na nembo yake ina kona zote nne.

Hofu yako ya pili ni miaka. Wakenya wa mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, waliishia kidato cha nne wakaingia chuo kikuu miaka minne. Watanzania na Waganda hufika kidato cha sita, kisha chuo kikuu miaka mitatu. Kwa sababu hiyo Mkenya aliyevuka amekuwa akiambiwa hakumaliza sekondari, na Mtanzania aliyevuka upande wa pili akaambiwa shahada yake ni fupi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, niruhusu mara moja tu nisimame ubaoni. Nane na nne na nne ni kumi na sita. Saba na nne na mbili na tatu ni kumi na sita. Wote wawili wamekaa darasani miaka ile ile 16, wamepanda ngazi ile ile, ila huyu alipumzika kwenye kidaraja cha kumi na mbili na yule cha kumi na tatu. Nimeliona jalada ambalo hoja yake yote ilikuwa hiyo. (Sasa Kenya imehamia 2-6-3-3-3, ambao ukitoa ile miwili ya chekechea unabaki 15. Nakuona unachonga penseli.)

Majina nayo yana vituko. Jirani yangu wa korido, mama wa Bukavu, ana lisansi. Kwa mtindo wa zamani wa Kongo lisansi ilikuwa kilele cha miaka mitano: mitatu ya kwanza, kisha miwili juu yake. Kwa mtindo mpya lisansi ni miaka mitatu tu. Neno moja, vipimo viwili, na yeye ana kile kizito. Siku ya kwanza kijana wa dirishani alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwa heshima zote kwamba leseni hazishughulikiwi hapa, aende kwa polisi wa usalama barabarani. Siku ya pili alieleweka, akakatiwa miaka miwili. Burundi nako shahada ya kwanza siku hizi huitwa bakalorea, neno ambalo katika nchi nyingi za Kifaransa ni mtihani wa kumaliza sekondari. Mrundi akilitamka dirishani kwako haulizwi alisoma nini. Anaulizwa lini ataanza chuo.

Ninachokiogopa mimi ni kimoja. Nina kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, karatasi laini isiyo na hata picha. Nilichomwa kwa dakika moja, kwenye kibanda cha mpakani, na nesi aliyekuwa anazungumza na mwenzake. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, kadi ile inatambulika maisha yote ya mwenye nayo, ambapo zamani ilikuwa miaka 10. Naionyesha popote, naambiwa pita. Sindano ya dakika moja inaaminika hadi kaburini. Miaka mitatu ya kukokotoa inapimwa upya kila ikivuka mto. Sitaki kuamini kwamba Afrika Mashariki inaogopa mbu kuliko inavyoamini walimu wake, lakini karatasi zangu mbili nikizilaza kitandani ndivyo zinavyoniambia.

Samahani, nimepandisha sauti. Nashuka.

Kwa kuwa nilikuwa na muda, nimesoma mikataba nikiwa koridoni kwako. Nikagundua kwamba nchi za Afrika zilikubaliana kutambuana shahada mwaka 1981, kabla sijazaliwa. Na zilikutana wapi? Arusha. Mkataba ule ukaandikwa upya Addis Ababa 2014, ukaanza kutumika Desemba 2019. Mwezi mmoja kabla ya hapo UNESCO ikapitisha Mkataba wa Dunia wa mambo hayo hayo, ulioanza kutumika Machi 2023. Sitakuchosha na ibara zake. Nilizipigia mstari, lakini mstari mmoja tu ndio ulionifanya ninunue daftari na kuanza barua hii.

Unasema hivi, kwa maneno yangu: si kazi ya mwombaji kuthibitisha kwamba shahada yake inafanana na ya kwenu. Ni kazi ya ofisi kuonyesha kwamba inatofautiana, na tofauti yenyewe iwe kubwa, yenye maana, si ya jina la somo wala ya kurasa za silabasi. Ikishindwa kuionyesha, inatambua. Ikikataa, inataja sababu, na mtu anaweza kukata rufaa. Hata aliyekimbia vita bila karatasi mkataba haukumsahau, unataka apimwe kwa utaratibu wa haki. Mimi nina karatasi zote, isipokuwa kona moja.

Nilipousoma mstari ule nilitazama juu kuhakikisha hakuna aliyeniona. Kumbe tangu mwanzo mzigo haukuwa wangu! Nimeubeba miezi 14 nikidhani ni wangu, kama hamali aliyepakizwa gunia la mtu mwingine akaona aibu kuuliza. Hata wazee wa kwetu wakikaa chini ya mwembe, anayesema ng'ombe si wa fulani ndiye anayeleta shahidi. Na shahada ni nini, Mheshimiwa, kama si ushahidi? Neno lenyewe limetoka kwenye mzizi ule ule wa shahidi na kushuhudia. Chuo kilisimama mbele ya watu kikashuhudia. Wewe unataka ushahidi wa ushahidi, na ukiletewa, unataka uthibitishwe na wakili.

Kwa hiyo, nikiwa nimepiga goti, nina maombi ambayo unaweza kuyakataa yote.

Naomba unachokitambua kiwe shahada, si mimi. Ukiipima mara moja programu ya chuo fulani, iandike ukutani, kwenye tovuti, hata kwenye ubao wa matangazo pale penye ratiba ya usafi, na kila atakayekuja nyuma na cheti hicho aulizwe jambo moja tu: je, ni chako kweli? Upimaji wenyewe si lazima uufanye peke yako. Kampala kuna Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki tangu 1980, na lina mfumo wa pamoja wa kupanga sifa kwa ngazi. Kazi kubwa imeshafanywa na watu waliolipwa posho kuifanya, tungeitendea haki posho ile kwa kufungua kabrasha.

Na hilo swali moja, la kama cheti ni changu, usiniulize mimi. Kama mimi ni mghushi nitakudanganya, na kama si mghushi sina cha kukuongezea. Waulize wao. Ninapomtumia mdogo wangu pesa kwa simu, jina lake linatokea kabla sijabonyeza, na tangu 2015 pesa za M-Pesa zinavuka kati ya Kenya na Tanzania bila kubebwa na mtu. Kama elfu kumi inaweza kuuliza "huyu ni nani?" na kujibiwa kabla sijapepesa macho, shahada nayo haiwezi kukosa njia.

Naomba pia siku. Kwa heshima ya nafasi yako sikutajii ngapi, ila 60 zingenipendeza. Wazee wanasema kimya nacho ni jibu. Kwa sasa kimya chako maana yake ni hapana. Naomba, siku zikipita, kimya kile kile kiwe ndiyo. Hakitakuongezea kazi yoyote, wewe endelea kunyamaza tu.

Sitaki uonekane umechelewa peke yako, maana wako waliokwisha kutangulia. Wahasibu na wasanifu majengo wa Jumuiya walisaini makubaliano yao ya kutambuana 2011, wahandisi 2012. Nadhani wahasibu waliwahi kwa sababu wao walikokotoa kinachopotea. Sina takwimu zao, nina zangu tu. Shule iliyokuwa tayari kuniajiri ilinisubiri muhula mmoja, ikachukua mwingine, nami siilaumu, maana darasa la hisabati haliwezi kukaa bila mtu. Sasa nafundisha shule nyingine kwa malipo ya mwalimu wa kujitolea. Nafundisha pembetatu. Jumla ya pembe zake ni nyuzi 180, na nimejiridhisha binafsi, kwa kipimapembe, kwamba pande zote mbili za mpaka zinatoka hivyo hivyo.

Wiki iliyopita msichana mmoja wa kidato cha pili, yule anayekaa karibu na mlango, aliniuliza mbele ya darasa zima: "Mwalimu, wewe umesoma mpaka wapi?"

Nikamjibu: "Mpaka mpakani."

Walicheka sana. Yeye hakucheka. Ana akili ya hesabu kuliko wote niliowahi kufundisha, na kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwenye kizuizi cha barabara. Chuo cha karibu naye ni kile kile cha kwangu. Juzi alikuja ofisini baada ya vipindi, akanitaka ushauri, achague wapi. Nikamwambia nitamjibu nikitoka kwako.

Nitakuja Jumanne.

Nakutakia afya, wino na utulivu,

Wako mtiifu kupita kiasi,

Mwombaji wa dirisha la nne
(jina kamili limo ndani ya jalada, likionekana)

Viambatisho: nakala tatu za barua hii, zilizothibitishwa na wakili, risiti ya kwanza, risiti ya kurudia risiti ya kwanza, kadi ya manjano, endapo itasaidia, na cheti halisi, pungufu ya kona ya juu kulia, ambayo mama amekataa kuitoa, ameihifadhi kwenye plastiki yake ndani ya sanduku, pamoja na vitenge.